Akidi

Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa moja jioni,
nilipanda ngazi thelathini na nne za ukumbi wa maveterani,
funguo mfukoni, daftari la kumbukumbu kwapani,
nikapanga viti arobaini
kwa ajili ya watu sita.

Katiba ya tawi yataka kumi na watano.
Mwezi hadi mwezi niliandika: "Hakuna akidi."
Mkono ulizoea, hata nikawa naandika
kabla sijavua glavu.

Nje, Thunder Bay imeganda, ziwa limekuwa sakafu.
Ndani, Gus Petrucci anasoma barua za makao makuu
moja baada ya nyingine, na mabano yake yote,
mpaka chai inaota ngozi.
"Vijana wa siku hizi," asema, "hawana uchungu na chama."
Nasi tuliopo twatikisa vichwa.
Asiyekuwepo hana wa kumtetea.

Nikaongeza rangi kwenye tangazo. Nikakuza herufi.
Nikaahidi biskuti.
Biskuti nilizila mwenyewe, wiki nzima.

Kisha siku moja, pale tunapokunja,
mimi pembe hii, Rowena Dimaculangan pembe ile,
(miaka minne twakunja pamoja mashuka ya hospitali,
ya waliozaliwa na ya waliokufa, mvuke hautofautishi)
nikamuuliza: Mbona huji mkutanoni?
Akavuta pembe yake, akaikutanisha na yangu.
"Umenialika lini?"

Tangazo lipo ubaoni, nikasema.
"Ubao unatazamana na dirisha la meneja.
Nisimame pale nisome, ili nani anisome mimi?"
Shuka jingine.
"Basi la mwisho, namba tisa, huondoka saa mbili kasorobo.
Mwanangu namchukua kwa jirani saa moja.
Na nilikuja, mwaka juzi, mara moja. Hukuniona?
Nilikaa nyuma. Hakuna aliyeniuliza jina."

Usiku ule sikuandika tangazo.
Niliandika majina.
Sitini na mawili, kwa penseli,
kisha nikayafuata moja moja kama mtu mwenye madeni:
Verna wa mashine za kukausha, Darko wa mikokoteni,
mapacha wa zamu ya usiku
ambao siku zote nilidhani ni mtu mmoja.
Sikuwahubiria mshikamano.
Niliuliza: nini kinakuuma?
Wakasema joto. Wakasema feni iliyokufa tangu Juni.
Wakasema sindano zinazosahauliwa ndani ya mashuka.
Darko akanionyesha kidole.

Tukahamisha mkutano. Saa nane u nusu mchana,
zamu moja ikitoka, nyingine ikiingia,
chumba cha kupigia pasi, dakika ishirini na tano,
hoja mbili basi: feni, sindano.
Gus akanuna. Chama, alisema, si kibanda cha chai.
Barua za makao makuu nilizibandika chooni,
zikasomwa kwa mara ya kwanza.

Siku ikafika. Viti hakuna,
watu wamekalia marobota,
mtoto wa Rowena yumo ndani ya kikapu cha taulo
anatafuna biskuti.
Nikahesabu.
Kumi na watatu.
Mlango ukafunguka: Gus, theluji mabegani.
Hakusalimu mtu. Akasimama karibu na pasi kubwa
akiota joto, kana kwamba ndilo lililomleta.
Kumi na wanne.

Nikahesabu tena, nikianzia upande wa pili.
Kumi na wanne.
Mkono, kwa mazoea, ukaanza: "Hakuna..."
Rowena akachungulia daftari.
"Na wewe?" akauliza. "Wewe si mwanachama?"

Miaka kumi na mmoja nimeshika orodha ya wengine.
Nikalikata neno kwa nguvu, karatasi ikachubuka.
Feni kwanza, nikasema. Nani ataanza?
Mikono ikainuka,
mmoja una bendeji.